Ungo wa Naduk

Jumanne walinilipa elfu ishirini na soda moja
niwe mdomo wa jiji huku Masese,
kwa sababu nilizaliwa na lugha ya mama
na nyingine nikajifunza ya kuombea kazi.

Bi Kagoya alishuka na viatu vya heshima,
akaruka mtaro wa kwanza; wa pili ukamkamata.
Hakulalamika. Hilo nililiandika moyoni.
Alifuta tope kwa gazeti, akafungua faili, akasema:
"Waambie jiji la Jinja limekuja
kuwafikia waliosahauliwa.
Lengo letu ni ujumuishi wa kiuchumi."

Nikasimama na maneno yale kinywani
kama mtu aliyepewa mfupa mbele ya wakwe:
kumeza hawezi, kutema ni aibu.
Kwetu neno hilo halipo.
Kuna neno la kugawana nyama,
kuna la kukusanya ng'ombe kabla ya giza,
kuna la kumwita jirani chungu kikishaiva.
Nikachagua hilo la mwisho:
"Jiji limeinjika chungu. Linawaita mje mle."

Wanawake wakatazamana.
Naduk, kope nyeupe kwa vumbi la pumba,
akauliza bila kuinuka:
"Wamepika nini? Na mahindi waliyatoa wapi?"

Sikutafsiri.
Nilisema, "Wamefurahi."

Fomu zikaanza kuzunguka.
Jina. Mtaa. Nambari ya nyumba.
Nyumba ya Naduk imeezekwa madebe ya mafuta ya kula
yaliyopigwa chapa na shirika lililoondoka zamani;
nikaandika nambari iliyokuwa kwenye debe.
Kazi?
"Nafagia."
Wapi?
"Chini ya malori, langoni mwa kinu.
Gunia likivuja, Akuj ametoa.
Napepeta changarawe, napepeta mavi ya panya,
kinachobaki nawauzia wapika pombe."
Bi Kagoya akafikiri, akaandika kwa herufi nzuri:
Mfanyabiashara wa nafaka.
Nilipomsomea, Naduk akacheka
mpaka mtoto mgongoni akaamka.

Halafu kicheko kikakatika kama uzi.
"Mwulize huyu mama mwenye tope
ungo wangu umefika wapi.
Februari askari wa jiji waliuchukua palepale langoni,
wakasema nachafua barabara. Mimi, mwenye ufagio!
Mfanyabiashara gani hupepeta kwa viganja?"

Safari hii sikufuta hata silabi.
Bi Kagoya alitafuta kwenye fomu, mbele, nyuma.
Kulikuwa na mkopo wa kikundi, katiba ya kikundi,
mweka hazina, akaunti, picha mbili za pasipoti.
Kisanduku cha ungo hakikuwepo.
Mwishowe akaandika pembeni, kwa penseli: ungo.

Alhamisi tukaenda stoo ya jiji,
mimi bila malipo.
Mizani za wauza nyanya. Miavuli.
Majiko yenye majivu ya chakula cha nani sijui.
Na nyungo, moja juu ya nyingine,
kama sahani baada ya karamu
ambayo simjui aliyealikwa.
Mtunza stoo alitaka risiti.
Bi Kagoya akapandisha sauti, kwanza kwa Kisoga,
kisha kwa Kiswahili cha kambini.
Tukatoka na mmoja tu.

Naduk aliupokea kwa mikono miwili,
akaugeuza, akaupigapiga ukingoni,
akapitisha kidole kwenye mshono wa waya.
"Huu si wangu. Ni wa Nachap,
aliyepakiwa kwenye lori kurudishwa Napak
usiku uleule. Waya huu niliushona mimi."

Ng'ambo, kinu kilikuwa kinanguruma.
Nikamtazama Bi Kagoya,
nikangoja neno kubwa jingine.
Alitoa fomu mpya,
akachuchumaa, viatu vilevile topeni,
akaniuliza polepole
jina la Nachap linaandikwaje.

Naduk alikuwa ameshaanza kupepeta.
"Mpaka arudi," alisema.
"Ungo ukikaa bure husahau kazi."